Kibati cha Ekseli ya Mbele

Gereji, machimboni
4 Machi

Baba,

Shikamoo. Salamu za wote zichukue kwa jumla, maana nikianza kumtaja mmoja mmoja karatasi itaisha kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Wifi ameniandikia kwamba sasa unakaa kitini bila kuegemezwa, ila mkono wa kulia bado umegoma. Uambie uache ubishi. Umekuwa mkono wa kazi miaka yote, hauwezi kustaafu bila kuaga.

Jambo ni lori. Lile la bluu, ulilolitunza miaka ishirini na mbili kabla hujaniachia spana zako. Ndilo pekee lililobaki la kushusha mawe hadi mjini, mengine mawili yamekaa juu ya magogo. Injini yake imekwisha. Inakunywa oili kuliko dizeli, na kwenye mlima mume wangu anaweka gia ya kwanza tangu darajani. Anasema wazee wenye bakora wanampita huku wakimsalimia.

Sasa meneja amepata wazo. Lile buldoza lililozimika shimoni lina injini nzima, nzito, yenye nguvu mara mbili ya hii. Anataka tuitoe tuifunge kwenye lori, kisha lori lipakiwe hadi juu, si nusu kama lilivyozoea. Hapa hakuna anayejua kwa nini linapakiwa nusu. Kuna mstari mwekundu ulioupaka ndani ya bodi, na wapakiaji wote wanajua mawe yasiuvuke. Nikiwauliza sababu wananijibu, "Fundi mzee alisema," mazungumzo yanaishia hapo.

Swali langu ni moja tu: ekseli ya mbele itabeba? Nimefanya kama ulivyonifundisha. Nimelipeleka kwenye mizani likiwa limejazwa hadi juu, nikapandisha magurudumu ya mbele peke yake: kilo 4,450. Injini mpya na giaboksi yake inaizidi ya zamani kwa kilo 560, na karibu zote zitaangukia mbele. Jumla 5,010. Nikaingia chini na brashi, nikasafisha kibati cha ekseli. Kinasema mwisho kilo 6,500. Nafasi ipo, karibu tani moja na nusu. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema fundi haamini macho, anaamini kibati.

Meneja anataka sahihi yangu kabla ya tarehe ishirini. Simu ni moja na iko mezani kwake, siwezi kukuuliza mambo ya kazi huku amenikodolea macho. Ndiyo maana barua inashuka na mume wangu kwenye lori hilohilo, na jibu litapanda nalo. Yeye ana furaha ya bwana harusi. Ameanza kuiita injini "shemeji".

Mzee wa Geti anakusalimu. Kila asubuhi nampelekea chai, na kila asubuhi ananiambia lilelile: "Mwambie mumeo apunguze mwendo, binti. Mwendo ndio ulionikata mguu ukaniulia mdogo wangu." Miaka kumi na tisa imepita na bado anaisema kama habari ya juzi. Hajakanyaga kwao tangu msiba ule. Mama yake alisema hataki kumwona, naye akaona amestahili.

Nipe baraka zako nianze kufungua boliti.

Binti yako, fundi


Mjini
9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Anayeandika ni mke wa kaka yako, mimi kazi yangu kusema.

Barua nimesomewa. Hesabu umepiga vizuri. Lakini injini hiyo usiifunge. Kwanza, chesisi ya gari hilo ni nyembamba pale mbele. Pili, redieta haitatosha, utachemsha maji njia nzima. Tatu, springi zitalala. Nne, injini ya buldoza haikutengenezwa kwa safari, ni ya kusukuma udongo na kurudi nyuma. Mwambie meneja atafute lori jingine au asubiri.

Mstari usifutwe. Nilikuwa na sababu zangu za kuupaka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Baba yako

Wifi, hapa ni mimi, mwandishi nisiye na mshahara. Pale ulipoeleza habari za kibati aliniambia nirudie mara tatu. Nikarudia. Tangu hapo chakula anakitazama tu. Kama kuna tusi la mafundi umeliandika mle ndani nami sikulielewa, basi niambie ili nijue ninahudumia hasira ya aina gani.


Gereji, machimboni
13 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimejibu sababu zako moja baada ya nyingine, na nimezijibu kwa chuma, si kwa mdomo. Chesisi nimeiongezea mabamba pande zote mbili, nimechomelea na kukaza kwa boliti. Redieta nimechukua ya buldoza lenyewe. Springi nimeongeza majani mawili ya chuma kila upande. Kuhusu injini kutozoea safari, Baba, nayo ikifungwa kwenye lori itazoea. Sisi sote tulizoea.

Nilitarajia uniambie kitu kuhusu ekseli, kwa sababu ndicho nilichouliza. Umeniandikia ukurasa mzima na neno ekseli halimo.

Na ile methali ya guu, tafadhali. Mume wangu aliisoma kwa sauti pale getini bila kufikiri. Mzee wa Geti aliinamia gongo lake akacheka kidogo, akasema, "Hiyo ni yangu, nimeilipia." Niliona aibu iliyonifuata hadi gereji.

Sasa nikueleze nilivyobanwa. Meneja amesema wazi: bila injini hiyo lori linakatwakatwa kuwa chuma chakavu, na lori likikatwa hakuna dereva, wala hakuna fundi wa kutengeneza lori ambalo halipo. Chumba tunachokaa ni cha machimbo. Tukitoka kazini tunatoka na chumbani. Barabara ya kushuka ni hiyo moja na gari la kutushusha ni hilohilo. Kila ninapogeuka nakutana na lori. Meneja akiniuliza kwa nini nasita, nimpe jibu gani? Kwamba baba yangu ana sababu zake?

Nimetia sahihi jana. Sikutaka kukuvunjia heshima, lakini karatasi ilihitaji namba, nami namba ninazo.

Kama ni kwamba huamini mikono yangu, sema tu. Umewahi kuniachia spana lakini hujawahi kusema kwa mdomo wako kwamba mimi ni fundi. Wengine wote hapa wamesema, hata wapakiaji. Nilidhani lako litakuja siku moja na barua. Badala yake nimepata redieta.

Binti yako


Mjini
18 Machi

Wifi,

Naandika bila yeye kujua, akiwa amelala mchana. Barua yako nimemsomea. Akaniambia niandike, nikaandika, akaniambia nichane. Tumefanya hivyo mara nne. Mara ya kwanza aliota ndoto mbaya. Mara ya pili alikuwa mgonjwa sana na wewe unatakiwa uje upesi, uiache kazi. Nikamwambia Baba, siandiki uongo wa ugonjwa, mtoto wa watu atashuka mlima akilia. Mara ya tatu alitaka kupanda huko mwenyewe, akajaribu kusimama, na kaka yako ndiye aliyemwokota.

Mara ya nne alianza, "Kibati kile," akanitazama. Akaniambia, "Wewe mama, toka nje kidogo." Sasa nikitoka nje nani anaandika? Akaomba kalamu, akaiweka kwenye mkono wa kulia, ikaanguka. Akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa mama yenu.

Mimi magari sijui, najua kupanda na kushuka. Lakini najua mtu mwenye jambo asiloweza kulitoa mbele ya mkamwana wake. Neno analonituma nikupelekee ni hili tu: mumeo asipakie kupita mstari. Sababu nimemuuliza, akageukia ukuta.

Usimkasirikie. Nadhani hasira yake haikuhusu wewe.

Wifi yako


Gereji, machimboni
25 Machi

Baba,

Shikamoo. Injini imeingia. Ilikaa kwenye mnyororo siku nzima kabla ya kukubali, halafu ikateremka yenyewe mahali pake. Nilipoiwasha wapakiaji waliacha makoleo wakaja kusikiliza. Mume wangu alipanda mlima wa nyuma kwa gia ya tatu, akateremka, akapanda tena bila kutumwa na mtu.

Kuna mambo mawili yananisumbua na sina wa kumwambia. Usukani umekuwa mzito, sawa, hilo nililitegemea. Lakini tairi za mbele zinalika kwa ndani. Siku tatu tu, bila mzigo, tayari naona. Nimepanga magurudumu upya mara mbili, vipimo vinasema sawa, na tairi zinaendelea kulika. Wewe ungejua ni nini.

Meneja ameufunika mstari wako kwa rangi ya bluu. Jumamosi, tarehe thelathini, lori linashuka na mzigo kamili kwa mara ya kwanza, mawe hadi ukingoni. Wifi aliniandikia habari ya mstari, lakini bila sababu siwezi kumzuia meneja, na mume wangu hataki hata kusikia. Anasema baba mkwe ana wivu na injini.

Usiwe na hofu kwamba nimeifunga kisha nimemwachia mwenzangu. Desturi yako naishika. Fundi aliyefunga hukaa kiti cha pili safari ya kwanza yenye mzigo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hiyo ndiyo sahihi ya kweli, ile ya karatasi ni ya meneja. Kwa hiyo Jumamosi nitakuwa pale, kiti cha pili, na nitafika kwako mchana. Mwambie wifi aniwekee maji ya kuoga.

Mume wangu anakuja kesho na mzigo mdogo, atalala kwenu, atarudi Jumatano. Akija bila barua yako nitaelewa.

Binti yako


Mjini
27 Machi

Mwanangu,

Huu ni mkono wangu wa kushoto. Soma polepole. Herufi mbaya lakini ni zangu.

Mikono yako naiamini. Wewe ni fundi. Hesabu yako haina kosa. Kibati ndicho kinachosema uongo, na niliyekitia uongo ni mimi.

Ekseli ya kwanza ya gari hilo ilipinda miaka kumi na tisa nyuma. Liligonga jiwe. Meneja wa wakati ule alitaka gari kesho yake. Nikatafuta boriti ya ekseli kwenye lori dogo la aina ileile. Kwa macho ni pacha. Nikatoboa upya matundu ya springi. Kisha nikafanya tulivyokuwa tukifanya mafundi wote siku hizo. Tulisema kibati hufuata gari. Nikaking'oa kwenye ekseli iliyopinda nikakigongomea kwenye ndogo, mkaguzi asitusumbue.

Lala chini, upande wa kushoto. Nyuma ya boriti, pale springi inapokalia. Kwangua rangi. Chuma kimechongwa namba. Itasema 4,500.

Yako ni 5,010. Na hapo mteremko na breki havijahesabiwa.

Sasa jingine. Hili ndilo sikuweza kumwambia wifi yako.

Siku ya kwanza ya ekseli ile gari lilipakiwa hadi juu. Kiti cha pili kilikuwa changu. Nililitazama gari, nikaona springi zilivyokaa, nikaogopa. Nikamwambia dereva nina homa. Sikuwa na homa. Mdogo wake alikuwa akitafuta lifti ya kwenda kumwona mama yao. Nikamwambia, panda, kiti kipo.

Kona ya tatu boriti ilipinda, gurudumu likalala, gari likalala. Mengine unayajua. Unampelekea chai.

Ripoti niliiandika mimi. Niliandika mwendo mkali. Niliandika gia ya nne. Dereva alikuwa hospitali hajitambui. Alipozinduka akasomewa, hakubisha. Boriti nikainyoosha motoni, nikairudisha ileile. Ndiyo inayokula tairi zako. Nikapaka mstari. Nilidhani mstari utatosha mpaka gari life, au nife mimi.

Mume wako yuko sebuleni, anasubiri. Nimemwita mara mbili nimwambie kwa mdomo. Kila akija namuuliza habari za tairi.

Usikae kile kiti. Na yeye asikae.

Mficha uchi hazai, nami nilizaa nikaendelea kuficha. 

Baba yako


Gereji, machimboni
29 Machi

Baba,

Nimekwangua. Ipo. 4,500.

Nilikaa chini ya lori muda mrefu na patasi mkononi. Kuna ufa, Baba, mwembamba, unaanzia kwenye tundu ulilotoboa la springi ya kushoto. Ukiupaka mafuta kisha ukaupangusa unaonekana vizuri. Nimeuangalia nikawaza Jumamosi, na maji ya kuoga niliyomwagiza wifi.

Nilimpelekea meneja habari. Sikutaja jina lako, nilisema tu boriti si ya gari hili. Akaniambia kibati kinasema 6,500 na chini yake ipo sahihi yangu, na kama ninajua zaidi ya kibati basi kwa nini nilitia sahihi. Nikasema nilikosea. Akasema kosa langu lisubiri Jumatatu, mawe yana mwenyewe mjini.

Mume wangu nilimpa barua yako aisome mwenyewe. Aliisoma amesimama, akaketi, akaisoma tena. Kisha akasema, "Basi mimi ndiye ningekuwa Mzee wa Geti." Hajaiita injini shemeji tangu jana.

Basi nimefanya hivi. Asubuhi nimeinua lori kwa jeki, nimetoa magurudumu ya mbele na kung'oa kingpini zote mbili. Zimo kwenye ndoo ya oili, na ndoo iko mahali ambapo meneja hatapatafuta, kwa sababu ana adabu kidogo kuhusu vyumba vya wanawake. Bila vile vyuma viwili gurudumu la mbele halina pa kushika. Lori halitoki. Nasi hatutoki. Hakuna gari jingine, kwa hiyo machimbo yote yamefungwa na ndoo yangu. Meneja amepiga kelele hadi sauti imemkauka. Barua hii inashuka kwa miguu na wapakiaji wawili wanaokwenda likizo.

Sijui nikuandikie kama baba au kama fundi. Kama fundi, nina maneno ambayo ulinifundisha mwenyewe, tukiyatumia kwa boliti zilizokatika. Kama baba, nimesoma pale ulipoandika kwamba mimi ni fundi. Nimelisubiri neno hilo maisha yangu yote na nimelipata kwenye barua ambayo siwezi kumwonyesha mtu. Nimekukasirikia kwa hilo zaidi ya yote, na najua si haki, kuna mtu amekufa.

Leo asubuhi nimepita getini na chai. Mzee wa Geti akapokea, akaanza, "Mwambie mumeo..." Nikageuka nikaondoka. Nyuma akaniuliza kama kuna lililoniudhi.

Siwezi kupita hapo kila siku. Na njia nyingine ya kutoka chumbani kwangu kwenda gereji haipo. Kwa hiyo nakwambia mapema, sikuombi ruhusa: kesho nitamsomea barua yako, yote, kuanzia neno la kwanza.

Binti yako


Geti, machimboni
9 Aprili

Fundi,

Binti yako amenisomea. Nilimwambia arudie sehemu ya gia, akarudia.

Naandika mwenyewe, shule nilikwenda. Nimechukua siku kumi kwa sababu kila nilipoanza nilikuta natukana, na matusi hayahitaji stempu, ningeweza kuyapiga kelele kutoka hapa.

Nilikuwa gia ya pili. Mkono wangu uliikumbuka gia ya pili. Nilipozinduka wakanisomea ya nne, ina sahihi ya fundi mkuu. Nikajiambia kwenye kona ile hakuna anayeweka gia ya nne isipokuwa amelewa, basi labda nilikuwa nimelewa. Mimi sinywi, Fundi, unajua sinywi. Lakini ulikuwa rafiki yangu na karatasi ilikuwa yako, nikaiamini kuliko mkono wangu. Nikaacha kujiuliza. Nikaanza kuwaonya madereva kuhusu mwendo. Nimewaonya wanaume wazima miaka kumi na tisa kwa kosa ambalo sikulifanya, na wewe ulikuwa ukipita hapa getini jioni ukiniaga.

Mdogo wangu nilimwambia siku ile asubiri, kiti ni cha fundi. Akasema fundi amempa. Alifurahi, nafasi ya mbele si ya kila mtu.

Kuhusu gari: limekaa juu ya magogo. Meneja alivumilia siku tisa, mawe yakajaa uwanjani mpaka wachimbaji wakakosa pa kuweka, ndipo akaagiza ekseli nzima, yenye kibati chake. Injini ya buldoza itabaki. Binti yako hajafukuzwa, maana akifukuzwa nani atazirudisha zile kingpini. Alikuja kuniomba radhi kwa ajili yako, nikamkataza. Lile si deni lake.

Wewe usiniombe radhi pia. Nikiombwa nitalazimika kujibu, na jibu sina.

Nataka kitu kimoja. Mama yangu yu hai. Yuko kwa dada yangu, ukingoni mwa mji, nyumba ya juu ya duka la viatu, mwanao wa kiume anaijua. Macho yamefifia lakini anasomewa. Mwandikie. Usinitumie mimi niupeleke ujumbe, mimi nimeshaapa mbele yake kwamba nilikuwa nakimbiza gari. Kiapo nilichokula kwa karatasi yako hakiwezi kufutwa na mdomo wangu.

Andika kwa mkono wa kushoto, usimpe mkamwana wako akupambie. Usitumie neno ajali. Mweleze habari ya kiti.

Ekseli ikifika nitashuka na lori, safari ya kwanza. Binti yako amesema atakaa kiti cha pili na mimi nitakaa katikati yake na mumewe, tutabanana. Nataka barua yako iwe imenitangulia.

Mlinzi wa geti, aliyekuwa dereva


Mjini
15 Aprili

Mama,

Hunijui. Tulionana mara moja, msibani, ukanishukuru kwa kuchangia jeneza.

Mimi ni fundi wa gari lililomuua mwanao mdogo. Naandika kwa mkono wa kushoto, msomaji wako anisamehe.

Gari lile nililifunga chuma kisichotosha, nikijua. Aliyepaswa kukaa pale alipokaa mwanao ni mimi. Niliogopa. Nikasema naumwa, nikampa yeye nafasi yangu, naye akapanda akifurahi kwa sababu alikuwa anakuja kukuona wewe.

Kisha nikaandika karatasi iliyosema kaka yake alikuwa anakimbia. Hakuwa anakimbia. Alikuwa gia ya pili, kama mtu anayempeleka ndugu yake nyumbani. Alipoapa mbele yako kwamba alikosea, aliapa kwa kuniamini mimi.

Umemfungia mlango miaka kumi na tisa. Mlango huo ulikuwa wangu.

Atakuja wiki hii. Ana gongo na ngazi zenu ni ndefu, atachelewa kufika juu. Ukisikia mtu anapumzika katikati ya ngazi, usimsubiri abishe hodi, Mama. Mfungulie.

Fundi